KIKAPU CHA NG'AMBO NA MEZA YA FORODHA

Kwa muda wa miaka michache sasa umeenea katika visiwa vyetu, mjini na mashamba, utaratibu wa ununuzi ambao wazee wetu hawakuujua na ambao sheria zetu bado hazijaupa jina. Mtu aliyeko Chake Chake au Mwanakwerekwe hulifungua duka la ng'ambo katika simu yake, huchagua nguo, viatu na vyombo, hutia kimoja kimoja katika kikapu cha duka hilo, na kikapu kikishajaa hakilipii. Hukituma. Linki ya kikapu huenda kwa ami aliyeko Muscat, kwa dada aliyeko London au kwa kijana aliyeko Toronto, naye akiifungua hukuta kila kitu kimekwisha kupangwa pamoja na rangi, saizi na bei, na kilichobaki ni kutia nambari ya kadi. Bidhaa hufikishwa mlangoni kwake huko huko, hukusanywa katika sanduku, na baada ya wiki au miezi huingia Malindi ndani ya kontena la jamaa wengi.

Tumeona ni wajibu wetu kulizungumzia jambo hili kwa sababu limekwisha kuwa kubwa kuliko linavyotazamwa. Serikali huliona kuwa ni mambo ya ndani ya nyumba za watu, na watu huliona kuwa halihusiani na Serikali, mpaka siku sanduku linapofunguliwa bandarini. Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zinakosea, na zinakosea mahali pamoja: zote hukisahau kikapu chenyewe mara tu kinapokwisha kulipiwa. Kikapu kile ni maandishi. Kina jina la kila kitu, idadi yake, bei yake na, baada ya malipo, tarehe na jumla iliyotolewa. Laiti maandishi hayo yangefuatana na mzigo tangu mwanzo hadi mwisho, sehemu kubwa ya ugomvi unaozuka mbele ya meza ya forodha isingekuwepo.

Kabla ya kufika huko inafaa ieleweke kwa nini mtu wa Unguja au Pemba anayeona kitu na kukipenda hakinunui mwenyewe. Maduka haya hayakujengwa kwa kutufikiria sisi. Amazon, iliyoanza kwa kuuza vitabu Marekani mwaka 1995, ina duka la Uingereza, la Kanada na, tangu mwaka 2019, la Falme za Kiarabu. La Afrika Mashariki haina. Jumia, iliyojaribu biashara hiyo kwa Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Vingi katika vitu vinavyoonekana kwenye kioo cha simu haviletwi kwetu, na katika vinavyoletwa nauli mara nyingi hukaribia bei ya kitu chenyewe au huipita. Malipo nayo yanataka kadi ya benki, ilhali fedha za wananchi wengi zimo katika simu. Zipo kadi za kimtandao zinazotolewa na kampuni za simu, na vijana wa mjini wanazitumia, lakini kadi peke yake hailetei mtu mzigo. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imezipa nyumba nambari na mitaa vibao, nasi tuliiunga mkono. Hata hivyo, duka lililoko Leeds halioni kibao chetu. Linachoona ni anwani ya dada.

Wala kutegemea mkono wa ng'ambo si jambo geni katika visiwa hivi. Wasomaji wetu wenye umri watazikumbuka foleni za miaka ya sabini, na barua zilizokwenda Dubai na Muscat zikiwa na kipande cha karatasi ndani yake, kimechorwa wayo wa mtoto ili kiatu kisije kikapwaya. Watakumbuka pia mwaka 1984, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, biashara ilipofunguliwa na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila ya kuiomba Serikali fedha hizo. Maduka yalijaa upya. Sehemu ya fedha zilizoyajaza ilitoka mifukoni mwa jamaa walioko nje. Kikapu cha leo ni mtoto wa karatasi ile yenye wayo na wa ruhusa ile ya 1984. Tofauti ni kwamba wa zamani alieleza haja yake, na aliyeko ng'ambo akachagua kitu kwa kadiri ya uwezo wake. Sasa aliyeko nyumbani ndiye anayechagua na aliyeko ng'ambo hulipa.

Mageuzi hayo yana faida, nasi hatutaki kuyadharau. Fedha zinazotumwa taslimu hupoteza kitu njiani. Kwa miaka kadhaa takwimu za Benki ya Dunia zimeonyesha kwamba gharama ya kutuma dola 200 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara ni karibu asilimia 8, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni kuifikisha chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Anayelipia kikapu huepukana na makato hayo, ingawa huja kukutana na nauli ya kontena. Hali kadhalika ule ubahatishaji wa zamani umepungua: mama hapokei tena joho ambalo halimwingii, wala fundi hapokei kifaa ambacho si cha mashine yake. Na aliyeko ng'ambo anajua fedha zake zimenunua nini.

Lakini upo upande wa pili ambao katika nyumba zetu hausemwi kwa sauti. Barua ilianza kwa salamu, ikauliza hali, ikaeleza msiba na harusi, na haja ikaja mwisho, imefunikwa kwa adabu. Kikapu hakina salamu. Huingia katika simu ya mtu usiku, wakati anatoka zamu ya kulea wazee au ya kupanga bidhaa ghalani, kikiwa na vitu kumi na nne na jumla chini yake. Hapo haja huwa imegeuka hati ya madai. Mtu anayeulizwa "unaweza kunisaidia?" ana nafasi ya kujibu kwamba mwezi huu mambo ni mazito. Aliyeletewa jumla yenye senti zake hujikuta ama analipa kwa mkopo wa kadi, ama anafuta kitu kimoja kimoja akijua kwamba kila alichokifuta kitaonekana. Tunawafahamu waliolipa kwa njia ya kwanza kuliko kukubali aibu ya njia ya pili.

Hatusemi hivi kwa kuwalaumu walioko nyumbani. Aliyeko Wete haioni kodi ya nyumba ya Coventry wala bili ya kupashia nyumba moto wakati wa baridi. Anaona bei za duka, na bei zile zikilinganishwa na za hapa huonekana nyepesi. Tunachoshauri ni jambo dogo. Kikapu kisitumwe kabla ya mazungumzo. Kiwango kitajwe na anayelipa, ndipo anayechagua achague ndani yake. Na vitu visipangwe kama vilivyoingia kichwani, bali vya lazima vitangulie: miwani ya mzee, viatu vya skuli, kifaa cha kazi. Vya sherehe vifuate. Akifuta kuanzia chini, kufuta kwake hakutamuumiza mtu.

Sasa tuje katika kodi, ambako ndiko kwenye uzito wa habari hii kwa upande wa Serikali.

Watu wengi hudhani kwamba bidhaa ya kikapu inatozwa mara moja tu, nayo ni pale Malindi. Sivyo. Madhali duka limeifikisha bidhaa katika anwani ya Uingereza, kwa macho ya Waingereza bidhaa hiyo imetumiwa Uingereza, na hutozwa kodi yao ya ongezeko la thamani ambayo ni asilimia 20. Zamani msafiri aliweza kurejeshewa kodi hiyo akitoka na bidhaa, lakini mpango huo ulifutwa England, Scotland na Wales kuanzia Januari 2021. Aliyeko Oman hulipa asilimia 5, kodi iliyoanza huko mwezi wa Aprili 2021. Na aliyeko Marekani, akinunua kitu kinachotoka China, hulipa pia ushuru wa forodha wa Marekani, kwani ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 uliondolewa mwaka 2025, kwanza kwa China na kisha, mwezi wa Agosti, kwa nchi zote. Ndipo mzigo unapopakiwa kuja kwetu.

Hapa kwetu ushuru wa forodha unafuata viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 viwango hivyo ni vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35, na nguo na samani zimo katika kundi la hiki cha juu kabisa. Tuchukue mfano mwepesi. Dada aliyeko London analipia nguo za watu wazima kwa pauni 120. Katika hizo, pauni 100 ni bei na pauni 20 ni kodi ya Uingereza. Tuseme nauli ya baharini ya sehemu yake ya sanduku ni pauni 10. Ikiwa bei iliyolipwa ndiyo inayotazamwa pamoja na nauli, ushuru utahesabiwa juu ya pauni 130, nao kwa asilimia 35 ni pauni 45 na nusu. Kwa hiyo nguo ambayo thamani yake ni pauni 100 imekwisha kubeba pauni 65 na nusu za kodi za Serikali mbili, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya hapa na gharama za bandari. Tena katika ushuru huo zimo pauni 7 ambazo ni ushuru uliotozwa juu ya kodi ya Waingereza. Mwenye kikapu hakuambiwa lolote katika hayo alipokuwa akibonyeza kioo cha simu yake.

Lau angejua, huenda angechagua vingine. Nguo za watoto wadogo hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani Uingereza. Kompyuta na vitabu huingia kwetu kwa ushuru wa asilimia sifuri. Sanduku lenye kompyuta ya mwanafunzi na vitabu vyake, na sanduku lenye magauni ya thamani ile ile, ni mizigo miwili tofauti kabisa mbele ya sheria, ingawa kwa macho ya familia ni zawadi mbili zilizo sawa. Hakuna siri katika habari hii. Imo katika vitabu vya ushuru. Lakini vitabu hivyo ni vinene, vimeandikwa kwa Kiingereza, na wala havimo mikononi mwa mama wa Kiwani.

Matokeo yake ni haya tunayoyasikia kila kontena la jamaa linapoteremshwa. Masanduku yamesajiliwa kwa maneno mawili tu, "vyombo vya nyumbani". Afisa hana orodha. Mwenye mzigo hana risiti, kwa kuwa risiti imo katika barua pepe ya mtu aliyeko maili elfu kadhaa kutoka hapa, naye hakuambiwa aitume. Sanduku hufunguliwa, thamani hukadiriwa kwa jicho, mmoja huona amekadiriwa kwa haki na mwengine huona ameonewa, wala hakuna wa kumthibitishia huyu au yule. Katika giza la namna hiyo hata afisa mwaminifu hushukiwa, na asiye mwaminifu hupata pa kujificha. Tungependa kuwakumbusha wote wawili kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, haikuweka makadirio ya jicho kuwa ndio mwanzo. Njia ya kwanza ya kupata thamani ni bei iliyolipwa hasa. Njia nyingine hufuata pale tu bei hiyo isipopatikana au inapokuwa na shaka ya haki.

Na bei iliyolipwa ipo. Hakuna mfanyabiashara wa miaka ya themanini aliyewahi kuja Malindi na hati iliyo wazi kama kikapu cha leo: kila jora na kila jozi ya viatu imeandikwa peke yake, pamoja na nambari ya oda na benki iliyolipa. Tumeziona risiti hizo. Hazifanani hata kidogo na zile ankara za mkono zilizokuwa zikiandikwa juu ya goti. Kuiacha hati ya namna hiyo ikae katika simu ya mtu wa ng'ambo, kisha tukae bandarini tukabishana juu ya bei ya sufuria, ni kujitafutia usumbufu ambao hakuna aliyetulazimisha.

Wenye maduka wa Darajani na Mlandege wana hoja yao, na ni hoja ya haki. Wao hulipa leseni, kodi ya fremu, mishahara na ushuru kwa kila wanacholeta, kisha humwona mnunuzi akija dukani kupima kiatu tu, akaenda zake kukitia kikapuni. Hatuamini kwamba kikapu cha familia ndicho kinachowaua, kwani vingi vinavyotiwa humo dukani havipatikani. Kinachowadhuru ni biashara iliyojificha ndani ya kikapu. Jozi kumi na mbili za kiatu kimoja, kila moja na saizi yake, si zawadi ya jamaa. Ni duka lisilo na leseni. Nayo orodha ya kikapu ndiyo inayoweza kumtenga huyu na yule. Ikiwepo orodha, afisa huona mara moja. Isipokuwepo, jozi kumi na mbili huzama ndani ya sanduku lenye mito na mablanketi, na mwenye mablanketi ndiye anayechelewa.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo tutayataja kwa ufupi. La kwanza ni usalama. Kutuma linki ya kikapu ni jambo moja; kugawana neno la siri la akaunti ambayo ndani yake imehifadhiwa kadi ya mtu ni jambo jingine, na jamaa wasichanganye. Kadhalika linki ya kikapu inayotoka kwa nambari isiyojulikana, hata ikitaja jina la shangazi, isifunguliwe kabla ya kumpigia shangazi mwenyewe. La pili ni dawa na vipodozi. Kutiwa kikapuni pamoja na soksi hakukifanyi kitu kuwa soksi. Mambo hayo yana Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na krimu za kujichubua zenye zebaki zinadhuru zikiingia kwa kontena kama zinavyodhuru zikiingia kwa magendo.

Tunalotaka kwa wenye mamlaka si msamaha. Visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa hesabu ya sensa ya 2022 vinahitaji mapato yake, na mtoto wa aliyepokea sanduku husoma katika skuli ile ile inayojengwa kwa ushuru. Tunataka ushuru unaojulikana kabla ya kulipwa. Kwa kuwa forodha ni jambo la Muungano na hukusanywa na TRA, na kodi za ndani zimo mikononi mwa ZRA, mamlaka hizi mbili zinaweza kukaa pamoja zikatoa karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye vitu thelathini au arobaini ambavyo familia huviagiza zaidi, kiwango cha kila kimoja, na mfano wa hesabu kama huu tulioutoa hapo juu. Karatasi hiyo ibandikwe Malindi, Mkoani, Wete na katika kiwanja cha ndege, na ipelekwe kwa masheha wote, kwani watu wetu humwendea sheha kabla ya kumwendea wakala wa forodha.

Pamoja na hayo, litolewe agizo kwa wakusanyaji wa makontena huko Muscat, Dubai, London na Toronto kwamba kila sanduku la familia liambatane na nakala ya risiti ya kikapu chake, na kwamba sanduku lenye risiti litapangiwa foleni yake na kutolewa kwa hesabu ya risiti, isipokuwa afisa atakapoandika sababu ya kuikataa. Maneno "atakapoandika sababu" tunayatilia mkazo. Mwananchi aliyekataliwa risiti ana haki ya kujua kwa nini, kwa maandishi, na afisa aliyeikataa kwa haki hatapata tabu ya kuandika mistari miwili.

Na walioko ng'ambo wasingojee agizo hilo. Kila anayelipia kikapu airejeshe risiti kwa njia ile ile kikapu kilikojia, siku ile ile ya malipo, na aliyeko huku aichapishe nakala mbili: moja kwa ajili ya wakala, moja ibaki nyumbani. Makontena ya nguo za sikukuu huanza kuingia Malindi tangu mwezi wa Shaaban. Ikiwa karatasi ya viwango itakuwa imefika kwa masheha kabla ya hapo, mwaka huu tutaweza kuzihesabu risiti badala ya kuyahesabu malalamiko.